Kutembea tu: Je, Muislamu ana haki ya siku isiyo na kazi?

Jumatatu moja ya mwezi wa Julai, tukiwa katika chumba cha walimu tunasubiri kengele ya kipindi cha kwanza, mwalimu mwenzangu mmoja aliniuliza mbele ya wenzetu: "Ustadhi, juzi Jumamosi umeonekana barabara ya Pangani juu ya baiskeli. Ulikuwa unakwenda wapi?" Nikamjibu kuwa sikuwa nakwenda popote, nilikuwa natembea tu. Walimu wakacheka. Yeye hakucheka. Ni mtu wa dini, mwenye heshima zake, na hana tabia ya kutafuta makosa ya watu. Akanikumbusha aya ya saba ya Suratul Inshirah, ambayo Allah (s.w.) anamwelekeza Mtume wake kuwa akipata faragha basi ashike juhudi. Kisha akaniambia jambo lililonichoma zaidi, kwamba darasa la watu wazima katika msikiti wa mtaani kwetu halina mwalimu siku ya Jumamosi, na mimi ninajua kuwa halina.

Kengele ikalia, tukaenda madarasani. Sikumweleza yaliyonikuta Jumamosi hiyo. Naona niyaeleze hapa, kwa sababu swali lake si langu peke yangu. Ni la kila Muislamu wa mjini mwenye ajira, mwenye siku moja au mbili kwa wiki ambazo hakuna anayempigia kengele.

Kwanza niseme wazi kuwa hapa Tanga hakuna anayeshangaa kumuona mtu juu ya baiskeli. Mji wetu ni tambarare, na baiskeli ni chombo cha wazee, vijana na akina mama wanaokwenda sokoni. Kinachoshangaza ni baiskeli isiyo na kazi. Ukiwa na ndoo ya samaki kwenye keria, wewe ni mtu mwenye akili timamu. Ukiwa na mtoto wa shule, vivyo hivyo. Ukiwa huna kitu kwenye keria na hujui unakwenda wapi, watu wataanza kuulizana kama nyumbani kwako kuna amani.

Tujiulize basi, dini inasemaje? Wapo wanaodhani kuwa Uislamu una siku ya mapumziko na kwamba siku hiyo ni Ijumaa. Si hivyo. Ukisoma Suratul Jumua, aya ya 9 na ya 10, utaona waumini wameamrishwa waache biashara adhana inapotolewa, na swala ikimalizika watawanyike katika ardhi wakatafute fadhila za Mola wao. Yaani watu wanatoka sokoni, wanaswali, wanarudi sokoni. Na katika Surat Qaf, aya ya 38, Allah (s.w.) anatufahamisha kuwa ameziumba mbingu na ardhi katika siku sita wala hayakumgusa machofu. Kwa hiyo kwetu sisi hakuna siku ambayo kazi ni haramu kuanzia asubuhi hadi jioni.

Jumamosi yangu haikutoka msikitini. Imetoka kwenye kalenda ya ofisi. Wenye asili ya mkoa huu wanajua vizuri zaidi, kwani babu zetu wengi walikata mkonge katika mashamba haya haya ninayopita kwa baiskeli. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, akauotesha kwa mara ya kwanza huko Pangani kutokana na miche 62 iliyosalimika safarini kutoka Florida, Marekani. Baada ya mkonge ikaja kadi ya kazi iliyoitwa kipande, yenye nafasi za siku 30 za kazi, na mtu hakuhesabiwa kuwa amemaliza mwezi mpaka nafasi zote 30 zijae. Aliyepumzika siku moja, siku hiyo haikuandikwa. Mimi mjukuu wao napumzika siku mbili kwa wiki na mshahara unaingia. Hili nalitaja mapema kwa sababu litanirudia baadaye.

Lakini kutokuwepo kwa siku ya mapumziko si sawa na kukatazwa kupumzika. Tunayo hadithi mashuhuri ya Hanzala (r.a.), iliyomo katika Sahih Muslim, aliyejiona amekuwa mnafiki kwa sababu akiwa mbele ya Mtume (s.a.w.) aliiona Pepo na Moto kama kwa macho yake, na akirudi kwa mkewe na watoto na mashamba yake alisahau mengi. Mtume (s.a.w.) hakumkaripia. Alimfahamisha kuwa kuna saa ya hili na saa ya lile. Tunayo pia habari ya Salman al-Farisi alipomzuia nduguye Abu Dardaa asifunge kila mchana na kukesha kila usiku, akamwambia kuwa mwili una haki, na mke ana haki, na Mtume (s.a.w.) akasema Salman amesema kweli. Na nani asiyejua kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.) wakiwa safarini? Hawakuwa wakikimbia kwenda mahali. Walikimbia kwa kuwa kukimbia kulipendeza.

Hoja hizi zote ninazo, na nimezifundisha darasani miaka minane. Kama ningekuwa na ulimi mwepesi Jumatatu ile ningezimwaga mbele ya walimu wote na mwenzangu angenyamaza. Zilinikwama kooni kwa ajili ya mtu mmoja niliyekutana naye njiani.

Nilitoka nyumbani baada ya swala ya Alfajiri, saa kumi na mbili na nusu. Julai ni wakati wa kusi, na kwenda Pangani kutoka mjini ni kuelekea kusini, kwa hiyo upepo ulinikabili usoni njia nzima ya kwendea. Sikujali. Nilijua kuwa wakati wa kurudi utanisukuma mgongoni. Ukishatoka nje ya mji, harufu hubadilika. Moshi wa magari unakwisha, unakuja moshi wa kuni na harufu ya bahari ambayo huioni lakini unajua iko nyuma ya minazi ya mkono wa kushoto. Nilipita Mwambani, watoto wakanipigia kelele. Nikapita wazee wamekaa kwenye baraza ya duka, nikawatolea salamu, wakaitika wote kwa sauti moja kama wanaoitikia dua.

Hapa nataka nisimame kidogo. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) ameelekeza aliyepanda amsalimie anayekwenda kwa miguu, anayekwenda amsalimie aliyekaa, na wachache wawasalimie wengi. Wanachuoni wakieleza hekima yake wamesema kuwa mpandaji anaanza yeye ili asije akajiona bora kwa sababu ya mnyama wake. Ni hadithi ambayo mtu mwenye gari hawezi kuitekeleza vizuri hata akitaka. Akifungua kioo na kusema Assalaam alaykum, anayesalimiwa atakuwa ameachwa nyuma hatua ishirini. Basi la abiria ndiyo kabisa. Mpanda baiskeli anaweza. Yuko juu kidogo tu ya anayetembea, anamuona uso, na anasikia akijibiwa. Asubuhi ile nilifurahi mno kwa kuitekeleza. Nilisalimia kila mtu. Nadhani niliingiwa na kitu kama majivuno ya kusalimia, kama kitu hicho kipo.

Nilifika Tongoni, kilomita kama 17 kutoka mjini, saa mbili na nusu. Wasomaji wa Tanga mnapajua. Wengine niwaambie kuwa ni mahame ya mji wa kale wa Waislamu wa pwani hii, uliostawi katika karne ya 15. Umebaki msikiti wa mawe uliobomoka na makaburi zaidi ya 40, mengine yalikuwa na nguzo na nguzo nyingi zimeanguka. Nilikaa saa nzima. Niliwaombea dua walioko pale, nisiowajua hata mmoja wao kwa jina. Walikuwa wafanyabiashara na mabaharia, watu wa shughuli nyingi. Nilitazama popo wa bahari wakicheza juu ya mikoko, au labda ni ndege wa aina nyingine, sikuwa na haja ya kujua. Kama kuna saa ya Hanzala, ilikuwa ile.

Wakati wa kurudi kusi lilinibeba kama nilivyotarajia. Kwenye kipandio kimoja nilimkuta mzee, umri wa miaka 55 au 60, anasukuma baiskeli yenye gunia mbili za mkaa zilizofungwa kwa kamba za mpira. Alikuwa ameinama mpaka kichwa kiko usawa wa mpini, mkono mmoja umeshika usukani na mwingine unasukuma gunia. Nikaitekeleza hadithi. "Assalaam alaykum, mzee wangu, shikamoo!" Akajibu kwa pumzi iliyokatika, "Waalaykum salaam, marahaba mwanangu." Nami nikapita. Nakumbuka vizuri kuwa nilijisikia nimetimiza wajibu.

Mbele kidogo nikasimama kunywa dafu, nikapiga soga na muuzaji. Nilipoondoka sikwenda mbali, tairi la nyuma likalala. Mwiba. Nilikuwa na pampu, nikajaza upepo, nikaenda hatua mia, likalala tena. Nikajaza tena, likalala tena. Kiraka sikuwa nacho, gundi sikuwa nayo, na tokea nitoke shule ya msingi sijawahi kuziba pancha kwa mikono yangu mwenyewe. Huwa nampelekea fundi wa pale kona.

Yule mzee akanifikia. Alikuwa sasa amepanda, anakanyaga pedeli polepole kwenye tambarare, na akaniona nimesimama. Ndugu msomaji, wewe kama hujawahi kubeba mkaa kwa baiskeli huenda hujui maana ya kusimama. Baiskeli yenye gunia mbili haina stendi inayoweza kuihimili. Ni lazima utafute mti, au uiegemeze kwa gongo. Ukiiachia vibaya itaanguka, na kuiinua peke yako huwezi. Na kuiondoa tena mahali iliposimama ni kazi kuliko kuiendesha. Kwa hiyo mtu wa mkaa hasimami ovyo.

Alisimama. Akaiegemeza kwenye mwembe, akachomoa kopo la maziwa ya unga lililofungwa chini ya kiti, ndani yake mna vipande vya tyubu kuukuu, gundi, kipande cha msasa na vijiko viwili. Kwa vijiko vile akalitoa tairi kwenye rimu kwa dakika chache. Akatia mate kidole, akapapasa tyubu mpaka akapaona panapotoa povu. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika.

"Shamba lako liko upande gani, mwanangu?" akaniuliza huku anasugua kwa msasa.

"Sina shamba, mzee. Nilikwenda Tongoni."

"Kuna msiba?"

"Hapana. Nilikuwa natembea tu. Leo sina kazi."

Akanyanyua macho akanitazama. Sikuona dharau katika macho yake, na laiti ningeiona ingenisaidia, maana ningekasirika. Akasema, "Basi umepata nafasi. Mshukuru Mungu." Akarudi kwenye kiraka chake.

Katika mazungumzo akaniambia kuwa ametoka nyumbani usiku, na kwamba kuna mama anayekaanga chipsi mjini ambaye huchukua gunia zote mbili kwa pamoja, lakini humchukulia anayetangulia kufika. Akifika mwingine kabla yake, itabidi azungushe mtaa kwa mtaa. Alinieleza hayo kama mtu anayeeleza hali ya hewa, wala hakuharakisha gundi. Alingoja ikauke inavyotakiwa. Nilitazama saa yangu. Tulikuwa tumesimama nusu saa.

Tairi lilipokaa sawa nikatoa pesa mfukoni. Akakataa. Nikasisitiza kuwa ni malipo ya kazi, si sadaka. Akanijibu maneno ambayo tangu siku hiyo nayatafakari: "Ingekuwa kazi, ningekutajia bei kabla ya kuanza."

Sasa hebu tulitazame jambo hili kwa mizani ya elimu tunayoifundisha. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha, kama alivyopokea Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), kuwa kuna neema mbili ambazo watu wengi wamepunjika ndani yake, nazo ni afya na faragha. Siku zote nimeifundisha hadithi hii kwa maana kwamba mtu mwenye nafasi asiipoteze kwa upuuzi. Lakini barabarani pale palikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa na faragha ya siku nzima, anayelipwa hata akilala. Mwingine hakuwa na faragha hata ya dakika tano, kila dakika aliyosimama ilimgharimu. Mwenye faragha alipomuona mwenzake anahangaika kwenye kipandio alimpa salamu na kupita. Asiye na faragha alipomuona mwenzake anahangaika alisimama. Ni nani kati yetu aliyekuwa na wakati?

Mtu anaweza kunitetea kwamba mzee hakuniomba msaada. Ni kweli. Nami sikumuomba. Mtu mwingine anaweza kusema kuwa salamu ni sunna na kusukuma baiskeli ya mtu si faradhi. Nalo ni kweli katika vitabu. Lakini ikiwa hekima ya mpandaji kuanza salamu ni kumvunja kiburi, mimi niliitumia salamu ile ile kama tiketi ya kupita. Ningekuwa na haraka ya kwenda kazini ningekuwa na udhuru. Udhuru huo sikuwa nao. Nilikuwa natembea tu.

Ndiyo maana hoja ya mwalimu mwenzangu naiona imekosea kidogo mahali pa kupiga, ingawa imepiga karibu. Yeye anadhani kosa ni kutoka na baiskeli bila shughuli. Mimi nilitoka bila shughuli lakini moyoni nilikuwa na shughuli tele: shughuli ya kufurahi, ya kufika Tongoni, ya kubebwa na upepo. Nilikuwa nimeyapanga mapumziko yangu kama ratiba ya vipindi, na mzee wa mkaa hakuwemo kwenye ratiba. Siku isiyo na kazi ikijazwa namna hiyo, sijui kama bado inaitwa faragha. Na aya ya nane ya Suratut Takaathur inatuahidi kuwa tutaulizwa juu ya neema. Babu yangu ambaye kipande chake hakikuandikwa siku aliyougua hataulizwa juu ya Jumamosi. Mimi nitaulizwa.

Nirudi barabarani. Nilimuomba mzee tufuatane. Akasema nitachoka, mwendo wake ni wa kobe. Tukafuatana. Kwenye kipandio kilichofuata nikashika nyuma ya gunia nikasukuma, na baada ya hatua kama arubaini nikawa nahema kuliko yeye. Nikaomba niendeshe mimi kwenye tambarare, akanipa, na nusura niimwage mizigo mtaroni. Akacheka sana, tukabadilishana tena. Tulichukua karibu saa moja na nusu kwa safari ambayo peke yangu, na kusi mgongoni, ningeimaliza kwa chini ya nusu ya muda huo. Tulipofika kwa mama wa chipsi, gunia mbili za mtu mwingine zilikuwa zimekwisha kusimama kando ya jiko.

Mzee hakunitazama. Nadhani alifanya makusudi asinitazame.

Hapo nikamkumbuka Jabir bin Abdallah (r.a.). Alikuwa safarini na ngamia wake amechoka, akawa nyuma ya watu wote. Mtume (s.a.w.) akaja kwake, akamuombea, kisha akataka kumnunua ngamia yule. Wakakubaliana bei. Walipofika Madina akamlipa bei yake, na akamrudishia na ngamia. Siku nyingi nimejiuliza kwa nini hakumpa pesa tu tangu mwanzo. Nadhani siku ile mbele ya jiko la chipsi nilianza kuelewa. Jabir alikuwa kijana aliyeachiwa dada zake awalee na alikuwa na heshima yake. Akauza, hakuomba.

Nikamwambia mzee kuwa nyumbani kwangu tunahitaji mkaa. Akanitajia bei, nami sikuomba kupunguziwa. Gunia la pili alilichukua jirani yangu baada ya mimi kumgongea mlango. Je, mzee alijua kuwa kwangu tunapikia gesi? Mtungi ulikuwa pale barazani, alipita kando yake akiingiza gunia. Hakusema kitu. Akahesabu pesa zake, adhana ya Adhuhuri ikawa inatoka, tukaenda kuswali, na baada ya swala sikumuona tena. Jina lake sikuuliza, jambo ambalo mke wangu amenilaumu kwalo kuliko hata lile gunia.

Wapo watakaoniambia kuwa mkaa unamaliza misitu. Najua, nao wana haki ya kusema, lakini hilo ni la makala nyingine.

Mwalimu mwenzangu nimempa jibu la nusu. Nimemwambia kuwa darasa la watu wazima nitalichukua Jumamosi baada ya Alasiri. Asubuhi nimeibakisha. Aliniuliza nitaifanyia nini, nikamjibu kuwa bado sijui, akatikisa kichwa. Gunia liko uani, limepungua kidogo tu, mke wangu hulichukulia mkaa wa kuchomea mahindi watoto wanapomsumbua. Na chini ya kiti cha baiskeli yangu nimefunga kopo. Mna kiraka, gundi, msasa na vijiko viwili ambavyo jikoni bado vinatafutwa.